Kutazama Miaka Inavyopita na Kuitumia Vyema: Mwongozo Kamili kwa Sisi wa Nakuru, Kisumu na Magharibi

Kisumu iko kusini kidogo tu ya ikweta. Ukishika barabara ya Busia unauvuka mstari wenyewe pale Maseno, palipowekwa alama kando ya lami. Huku kwetu jua huchomoza kabla tu ya saa moja asubuhi na kuzama kabla tu ya saa moja jioni, iwe Januari au Julai. Tofauti ya mwaka mzima ni kama nusu saa. Nakuru ni vivyo hivyo. Ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini lina madhara yake, kwamba siku zinafanana. Mvua huja, shule hufungwa, watu husafiri nyumbani Desemba, kisha mambo huanza upya. Siku moja pale staji unaamkiwa na kijana mwenye ndevu, unauliza ni wa nani, unaambiwa ni yule mtoto wa jirani uliyekuwa ukimbeba.

Mwongozo huu ni wa kuifanya miaka ionekane, ndipo itumike. Wengi wetu huanza na ratiba. Januari tunanunua shajara, tunaandika kuamka saa kumi na moja, mazoezi, kusoma, kuweka akiba. Februari ikifika katikati, shajara ishakuwa ya kuandikia madeni ya duka. Naamini kwa dhati kwamba shida si uvivu. Ratiba ile iliandikwa na mtu ambaye hakuwa ametazama muda wake unakwenda wapi, kwa hiyo aligawa saa ambazo hakuwa nazo. Hapa ratiba itakuja mwishoni. Kwanza tutatazama nyuma, kisha mbele, kisha wiki moja kwa karibu.

Utahitaji daftari la kurasa 96, kalamu, kalenda ya ukutani (zile zinazogawanywa na sacco, makanisa na maduka ya pembejeo mwaka unapoisha), na jioni mbili tulivu. Simu iweke mbali. Utaihitaji mara mbili tu, na nitakuambia ni lini.

Hatua ya kwanza: andika mwaka uliopita

Ukijiuliza "Mei mwaka jana nilifanya nini?" hupati kitu. Kumbukumbu haishiki tarehe, inashika mambo. Basi uliza kwa mambo. Mvua ya masika ilinikuta wapi? Karo ya muhula wa pili niliipata vipi? Nani alizikwa, nani alizaliwa, nani alilazwa? Nilihama nyumba? Nilianza kazi gani, niliacha ipi? Tenga kurasa 12, moja kwa kila mwezi, na uanze na mwezi unaoukumbuka vizuri zaidi. Mwezi mmoja ukijaa, wa jirani yake huja wenyewe.

Sasa chukua simu kwa mara ya kwanza. Fungua picha ulizopiga, maana zina tarehe, na uombe taarifa ya M-Pesa ya miezi iliyopita. Watu huitazama taarifa hiyo kuona pesa zilikokwenda. Mimi naipenda kwa sababu inaonyesha siku. Kuna nauli ya Jumamosi fulani, mchango wa matanga, dawa, mbegu, bando lililonunuliwa saa tano usiku siku nne mfululizo. Pesa ilipopita, wewe ulipita. Ndani ya saa moja utakuwa umejaza miezi uliyodhani imefutika.

Ukimaliza, usijihukumu wala usiweke malengo. Andika tu majibu ya maswali matatu kwenye ukurasa wa kumi na tatu. Ni nini kimekua mwaka huu: shamba, mtoto, ujuzi, urafiki, akiba? Ni nini kimesimama palepale ingawa nilikitaja kila wiki? Ni nani niliyekuwa nikisema nitakwenda kumwona na sikwenda? Jibu la pili weka alama, tutalirudia kwenye hatua ya tano. La tatu linatupeleka mbele sasa hivi.

Hatua ya pili: hesabu mbele, kwa watu badala ya miaka

"Miaka kumi" ni maneno mapana mno. Mtu huyatamka bila kuhisi chochote. Yageuze yawe kitu unachoweza kukihesabu.

Tuseme unafanya kazi Nakuru na mama yuko Vihiga, ana miaka 72. Unakwenda nyumbani mara mbili kwa mwaka, Pasaka na Desemba. Akijaliwa kufika 82, mmebakiza kuonana mara 20. Ukikaa siku mbili kila safari, na moja yake ikaliwa na wageni, mikutano ya ukoo na kutembelea shamba, zimebaki siku 20 za kukaa na mama. Iandike namba hiyo kwa tarakimu kubwa. Nauli ya safari mbili zaidi kwa mwaka, ambayo hadi jana ilionekana mzigo, itaanza kuonekana kwa jicho jingine, kwa sababu inageuza 20 kuwa 40. Na kama nauli kweli haipo, weka saa maalumu ya kumpigia simu, tuseme Jumapili saa kumi na mbili jioni, aijue na aingoje. Simu inayopigwa "nikipata nafasi" hupigwa kukiwa na shida tu, na mzee huizoea hivyo, kila ikilia moyo unamruka.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa mtoto. Aliye gredi ya nne leo ataingia gredi ya kumi baada ya miaka sita, na akipata shule ya bweni utakuwa ukimwona likizoni. Kama kila siku unafika nyumbani saa tatu usiku akiwa amelala, basi miaka sita hiyo kwako ni Jumapili peke yake, kama 310 hivi. Zinatosha kwa mambo mengi zikitumika. Lakini lazima ujue kwamba ni hizo.

Kisha kazi. Watumishi wa umma hapa nchini wengi hustaafu wakiwa na miaka 60. Kabla ya 2009 ilikuwa 55. Mwenye miaka 42 amebakiza masika 18, ndiyo kusema mara 18 za kupanda mahindi ya msimu mkubwa akiwa bado na mshahara wa kununulia mbolea. Mparachichi uliopandikizwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Miwa ya kwanza huko Mumias na Nzoia huchukua kama mwaka mmoja na nusu kukomaa. Ukiweka vitu hivi kando ya umri wako, unaona haraka kipi bado kina nafasi na kipi kinataka kuanzwa mwaka huu. Na usidharau miaka mitano. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika ufukwe wa ziwa, Kisumu, Desemba 1901. Ilijengwa kwa jasho na vifo vya vibarua wengi, na hilo tusilisahau, lakini umbali wote ule na milima yote ile ni kazi ya miaka isiyozidi sita.

Wazee wa huku walikuwa na njia yao ya kuuona wakati. Wabukusu hutahiri vijana Agosti katika miaka inayogawika kwa mbili, na kila kijana huingia rika lenye jina: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Majina ni manane na yanazunguka. Rika likifungwa, jina lake halirudi hadi karibu miaka 100 ipite. Wakalenjin nao wana mzunguko wa marika unaofanana na huo. Mtu aliyelelewa hivyo anajua walio mbele yake na nyuma yake, na anajua kwamba zamu yake ina mwanzo na mwisho. Kwa hiyo, kabla ya kuifunga hatua hii, tafuta mzee mmoja unayemheshimu, umwamkie, ukae, umuulize, "Ulipokuwa na umri wangu ulikuwa unafanya nini, na ungeongeza nini?" Mwache azungumze hadi amalize. Kaandike ukifika nyumbani, si mbele yake.

Hatua ya tatu: wiki moja ya kuandika

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Kwa siku saba, andika unachofanya. Usijaribu kuandika kila dakika, utachoka siku ya pili. Andika mara tano kwa siku: saa tatu asubuhi, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku, kila mara ukikumbuka saa tatu zilizopita. Na usibadilishe mwenendo wako wiki hiyo. Lengo ni kuona.

Ukurasa wa Jumanne wa fundi wa nguo mwenye kibanda Kondele unaweza kusomeka hivi:

Saa 12 hadi 3 asubuhi: kuamka, chai, watoto shule. Staji, matatu haijajaa, dakika 25. Kufungua kibanda.
Saa 3 hadi 6: sare mbili za shule. Mteja alikuja kuuliza bei, hakushona. Stima ilipotea, nikakaa.
Saa 6 hadi 9: stima bado. Chakula. Simu. Simu tena. Stima ikarudi.
Saa 9 hadi 12 jioni: sare ya tatu, kupunguza suruali. Mama wa chama alipita, tukaongea.
Saa 12 hadi 3 usiku: matatu, soko, kupika, watoto.

Maneno machache tu, lakini ukitazama unaona stima ilichukua mchana, na simu ikaingia pale stima ilipotoka.

Jumapili usiku, jumlisha. Wiki ina saa 168, hakuna aliyepewa zaidi. Tuseme fundi huyu ana saa 49 za usingizi, 54 za kibandani, 12 za njiani, 14 za kazi za nyumbani, 16 za simu na runinga, na 6 za ibada na chama. Jumla ni 151. Saa 17 hazina jina. Karibu kila anayefanya hesabu hii hukuta saa za namna hiyo: kurudi nyumbani kuchukua kilichosahaulika, kutafuta chenji, kusimama langoni. Usikimbilie kuziita hasara zote. Maongezi ya langoni na jirani si upotevu, maana ukiugua usiku wa manane ndiye atakayefika kwanza. Ila uzijue.

Na kuna jambo la pili ndani ya zile 54 za kibandani. Ngapi alikuwa anashona, na ngapi alikuwa anangoja? Hapo ndipo kazi kubwa ilipo.

Hatua ya nne: vipe vipindi vya kungoja kazi yake

Maisha ya huku yana kungoja kwingi. Tunangoja gari lijae, mteja aje, mvua ipungue, stima irudi, daktari aite jina, mahindi yasagwe, foleni ya Huduma Centre isonge. Ukijumlisha wiki yako utashangaa. Sehemu unaweza kuipunguza kwa kuchagua saa. Soko la Kibuye siku yake kubwa ni Jumapili. Kama huuzi na hutafuti kitu cha siku hiyo, nenda katikati ya wiki upite kwa wepesi. Poshomili asubuhi ya siku ya kazi haina msongamano wa jioni ya Ijumaa. Tafuta staji ambayo magari hujaa upesi, hata kama ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Kungoja kunakobaki, kugawe kwa namna kulivyo. Watazame akina mama wanaoanika omena ufukweni Dunga. Omena imetandazwa juu ya nyavu, jua linapiga, na kazi inaonekana kana kwamba imekwisha. Haijakwisha. Lazima omena igeuzwe, ndege wafukuzwe, na jicho moja liwe kwenye wingu la upande wa ziwa, kwa sababu mvua ya robo saa inaharibu mtaji wa siku nzima. Kungoja kwa namna hiyo kunaacha mikono huru lakini macho hayako huru. Hapo unaweza kusuka, kuchambua mboga, kumsikiliza mtoto akisoma kwa sauti. Huwezi kupiga hesabu ngumu. Ndani ya matatu inayongoja abiria ni kinyume chake, macho yako huru na mikono imebanwa na mizigo. Hapo soma, au fikiria jambo moja ulilolichagua kabla ya kupanda. Kwenye foleni ya hospitali, na mgonjwa wako kando, usijipe kazi yoyote. Mshike mkono.

Kwa anayetegemea stima, awe kinyozi, fundi wa kuchomelea au mwenye saiba, andika orodha ya kazi zisizohitaji stima na uibandike ukutani: kupanga vipuri, kuandika madeni, kupigia wateja waliosahau vitu vyao, kupiga rangi ubao wa nje. Stima ikizimika hutakuwa na haja ya kufikiri; unasoma ukutani na kuanza. Orodha ikiwa kichwani haisaidii, kwa sababu stima inapopotea mkono huenda kwenye simu kabla kichwa hakijakumbuka.

Hatua ya tano: linda saa moja

Rudi kwenye ukurasa wa kumi na tatu. Kile kilichosimama palepale mwaka mzima, chagua kimoja, na ukipe saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa muda wa muhula mmoja wa shule. Nashauri muhula kwa sababu kila nyumba huku inaujua: una mwanzo, una mwisho, na baada yake pana likizo ya kupumua. Wiki 13 kwa siku tano ni saa 65. Zinatosha kujifunza kutengeneza hesabu za biashara vizuri, kuchimba na kupanda bustani ya mboga ya nyumba, au kuandika historia ya ukoo kutoka kwa wazee watatu. Hazitoshi kwa vitu vyote vitatu.

Saa ipi? Vitabu vingi vitakuambia saa kumi alfajiri. Mimi nasema tazama ukurasa wako wa wiki. Mwenye duka linalofunguliwa saa mbili anaweza kuwa na alfajiri. Mhudumu wa usiku hana. Mwanafunzi anayeishi chumba kimoja na wenzake watatu pengine saa yake iko maktaba, saa nane mchana. Chagua mahali ambapo saa tayari ina utulivu, usijaribu kuutengeneza.

Hapa nina jambo la kusema wazi. Katika nyumba nyingi za huku, mwanamke ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala: maji, moto, sare za watoto, soko, chakula cha jioni, na bado ana kibanda au shamba. Mume akisoma mwongozo kama huu na kujitengea saa ya alfajiri ya kujiendeleza huku mkewe akiongezewa ndoo mbili, hajatumia muda vizuri, ametumia muda wa mwingine. Ratiba ya mume inayosimama juu ya mgongo wa mke si ratiba. Kaeni chini kila mmoja na ukurasa wake wa wiki, muwekeane mezani. Msijadili nani anachoka zaidi. Soma saa zilizoandikwa. Mara nyingi dawa ni vitu vidogo: mvulana wa miaka 12 anaweza kuosha vyombo na kupika ugali bila kupungukiwa na kitu, baba anaweza kupitia soko akitoka kazini, maji yanaweza kuletwa na mkokoteni Jumatano. Kila mtu mzima ndani ya nyumba apate saa yake. Kama zinapatikana nusu nusu, ziwe nusu nusu.

Jumamosi zetu

Mwongozo wowote wa muda kwa watu wa Nyanza na Magharibi usiogusa matanga haujaandikwa kwa ajili yetu. Ijumaa na Jumamosi ni za mazishi, na kabla ya hapo kuna mikutano ya michango, mkesha, na safari yenyewe ya kupeleka mwili nyumbani. Wapo wanaoshauri watu wapunguze kuzika. Siko pamoja nao. Kuzikana ni sehemu ya kuishi pamoja, na asiyezika wenzake anajitenga na kitu ambacho siku moja atakihitaji.

Lakini pana namna ya kufanya vizuri. Waliokaribu nawe kwa damu na kwa moyo, wape siku zote wanazohitaji, bila kuhesabu. Kwa wafanyakazi wenzako na majirani wa mbali, tuma mchango wako mapema, siku mbili tatu za kwanza, wakati familia inahangaika na gharama za mochari na jeneza. Mchango wa mapema una thamani kuliko mkubwa wa dakika ya mwisho. Kisha chagua, mkesha au mazishi, na ufike kwa wakati. Na weka alama kwenye kalenda wiki tatu baadaye, umtembelee mfiwa. Turubai limeshaondolewa, wageni wamerudi Nairobi, nyumba ni kubwa ghafla. Jioni moja wakati huo huleta faraja kuliko mtu wa 400 kwenye msafara.

La mwisho katika hili, na ndilo ninalolishikilia zaidi: fanya ziara ya mgonjwa kabla ya ile ya marehemu. Tazama orodha yako ya swali la tatu. Kama kuna jina la mtu mgonjwa au mzee sana pale, Jumamosi ya kwanza isiyo na mazishi ni yake. Beba sukari na mkate, kaa saa moja, ondoka. Atakusikia ukimwambia mwenyewe yale ambayo vinginevyo ungeyasema kwenye kipaza sauti.

Simu

Fupi tu. Hapa ndipo unaichukua mara ya pili. Ndani ya mipangilio ya simu nyingi za kisasa kuna sehemu inayoonyesha saa ulizotumia kwenye kila programu. Itazame, andika jumla ya wiki kwenye daftari. Zima milio ya makundi yote ya WhatsApp isipokuwa la familia na la kazi. Usiku, chaji simu chumba kingine, au juu ya kabati usikoweza kuifikia ukiwa umelala. Saa ya kengele ya kawaida bei yake si kubwa.

Sasa kalenda ya ukutani

Ukiwa na kurasa zako, ratiba ya mwaka inaandikwa kwa jioni moja. Anza na yale yasiyokungoja. Mihula mitatu ya shule na tarehe za karo. Masika, kwa kawaida Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Safari za kwenda kumwona mama, zote nne. Tohara ya Agosti kama ni mwaka wake na una kijana. Kwa wanaouza omena, uvuvi wake hufungwa Aprili hadi Julai ili samaki wazaane, kwa hiyo biashara ya miezi hiyo ipangwe mapema badala ya kulalamikiwa ikifika.

Kisha rudi nyuma kutoka kila tarehe. Ukitaka mbegu iwe ardhini mvua ya Machi inapotulia, shamba lilimwe Januari au Februari, samadi iwe imemwagwa, na mbegu na mbolea ziwe ndani kabla foleni za dukani hazijaanza. Udongo uwahi ungali maji. Na jua ardhi yako. Upande wa Kakamega na Vihiga mahindi ya masika huvunwa Julai au Agosti, na shamba hupandwa tena kwa msimu mfupi. Kule Molo na Njoro, kwenye baridi, mahindi yaleyale yanaweza kukaa shambani hadi Oktoba na kuendelea. Mtu wa Nakuru anayemsimamia mkulima wa Vihiga kwa simu huku akifikiria majira ya Njoro humchelewesha mwenzake msimu mzima.

Ukishajaza hayo, ndipo uandike mambo yako mwenyewe kwenye nafasi zilizobaki: ile saa moja, kozi, ukarabati wa nyumba. Acha wikendi moja tupu kila mwezi. Itajazwa na jambo ambalo hukulijua, na hutalazimika kuvunja jingine.

Ratiba ikivunjika

Itavunjika. Mtoto ataugua, mtu atafariki, barabara itakatika kwa mvua. Usijaribu kulipa saa zilizopotea kwa kukesha. Usingizi ukikatwa, hukata siku inayofuata mara mbili. Kilichopita kiache, anza tena Jumatatu mahali ulipoishia. Kama saa yako ya kulindwa imeshindikana wiki tatu mfululizo, tatizo ni saa uliyochagua. Ihamishe.

Jumapili jioni, dakika 20: soma wiki iliyopita, andika mistari mitatu, tazama kalenda ya wiki ijayo na umwambie wa nyumbani siku utakayochelewa. Muhula ukifungwa, rudia maswali matatu ya hatua ya kwanza, badilisha kazi ya ile saa moja ikiwa imekamilika, na umpigie yule mzee umwambie ulifikia wapi. Ile wiki ya kuandika kila kitu ifanye mara moja kwa mwaka, katika wiki ya kawaida. Desemba haifai, wala wiki ya kufungua shule. Daftari likijaa, andika mwaka kwenye jalada, liweke pamoja na vyeti vya watoto, kisha nunua jingine.